Tao Lililolala Upande

Mimi nimechoka, na tafadhali mtu asiniulize nimechoshwa na nini. Nina miaka hamsini na minne. Nimefundisha hisabati miaka ishirini na minane. Jumamosi ile ya mwezi wa sita nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nje ya jiko langu, hapa Kitandililo, nimejifunika blanketi juu ya sweta, nasahihisha madaftari ya Kidato cha Tatu. Upepo wa Makambako hauna adabu, unakuingia hata ukijifunga namna gani. Na madaftari yalikuwa tisini na manne.

Swali lenyewe lilikuwa dogo. Hili hapa tao la duara, tafuta urefu wake. Basi watoto wa watu, karibu darasa zima, walikuwa wameweka rula kutoka ncha moja ya tao hadi ncha ya pili, wakapima moja kwa moja, wakaandika jibu na kulipigia mistari miwili chini, kwa raha zao. Jamani! Wiki tatu nimesimama ubaoni nawaambia tao linapinda, rula haipindi, ukikata njia ya mkato usije ukaniambia umepita barabara. Wameitikia "ndiyo mwalimu" kwa sauti moja. Nikaendelea kuweka mikasi ya kosa mpaka kidole kikaniuma.

Mume wangu, Elieza, alikuwa mbele ya nyumba kwenye kitalu chake cha miche ya parachichi, anajaza udongo kwenye viriba vya plastiki kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haupandi juu ya bega. Umekuwa hivyo tangu siku tao la tofali lilipomwangukia kule Mjimwema, Njombe mjini, miaka sita iliyopita. Hili lazima nilieleze sasa hivi, maana bila hili hamtanielewa.

Elieza alikuwa fundi mwashi, na mwenzake wa kazi alikuwa kaka yangu, Romanus. Kaka wa tumbo moja. Sisi ni watu wa Mawengi, kule Ludewa, Wakatoliki. Elieza ni Mbena wa hapahapa, Mlutheri tangu anazaliwa. Lakini ukiwakuta wale wawili juu ya jukwaa usingejua nani wa wapi, mmoja akinyoosha mkono mwenzake ameshaweka tofali. Mjimwema walikuwa wanamjengea mtu nyumba kubwa, mlango wa mbele mpana, juu yake tao. Siku ya kutoa mbao zilizolishikilia, Elieza ndiye aliyeingia chini kugonga nguzo. Tao likapiga goti upande mmoja, likashuka lote. Bega likavunjika.

Elieza akiwa bado amelazwa, Romanus akasema mbele ya mwenye nyumba, mbele ya ndugu wa pande zote mbili, mbele yangu mimi, kwamba Elieza kachakachua sementi. Mchanganyiko kaufanya mwepesi, sementi nyingine kapeleka kwake. Akanigeukia. "Germana, kaangalie jiko lako. Ile sakafu mpya imetoka wapi?"

Na kweli, wiki ileile Elieza alikuwa amenisakafia jiko. Sakafu nzuri, laini, ukimwaga maji yanakimbilia mlangoni yenyewe. Nikaenda hospitali nikamuuliza, "Sementi ya jikoni uliitoa wapi?" Akasema, "Nilinunua." Akanitazama, ananisubiri niseme "sawa". Sikusema. Nikamvuta shuka likafika kifuani, nikachukua vyombo nikaenda kuviosha.

Alipotoka hospitali hakukanyaga tena jiko langu. Kwetu huku, na baridi hii, watu wote jioni wanakaa jikoni kwenye moto, baba, mama, wageni, hata mchungaji akija. Elieza anakula barazani. Miaka sita, Juni na Julai, sahani mapajani, koti mwilini. Kazi ya ufundi hakuipata tena, nani atampa kazi mwizi wa sementi? Mwanetu Peace aliyeko chuoni alishaniuliza kwenye simu, "Mama, baba bado anakula nje?" Nikamwambia baba yako anapenda hewa. Mimi niliamini kwamba aliiba, nikajisemea yameshapita, nimemsamehe. Nilijiona mwanamke mwenye moyo mkubwa. Loo!

Basi Jumamosi ile nikafunga madaftari, nikapakia viazi na maharage kwenye hotipoti, nikampelekea kaka yangu kazini. Elieza aliniona napita, hakuuliza naenda wapi. Alijua.

Romanus naye hakuwa amenufaika sana na maneno yake. Watu walimwamini, ndiyo, lakini fundi ambaye tao lake limeanguka ni fundi ambaye tao lake limeanguka. Walimpa kuta, walimpa vyoo. Tao hawakumpa. Mpaka mwaka huu, kanisa la mtaa hapa kwetu lilipofika kwenye mlango mkuu, na Mzee Obed, mzee wa kanisa, akamwonea huruma akasema tumjaribu. Hili lilikuwa tao lake la kwanza tangu Mjimwema. Jumatatu angepandisha mbao na kuanza kupanga tofali juu yake. Likisimama, angeitwa fundi tena kabla magoti yake hayajamgomea kabisa. Ana miaka sitini na moja.

Nilimkuta ndani ya kanisa lisilo na paa, amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, anapangusa vumbi la mbao. Mzee Obed alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma.

"Kamwene, kaka."

"Kamwene, mwalimu. Umeniletea nini, au umekuja kunisahihisha?"

"Nimekuletea viazi. Kusahihisha nimeshachoka."

Na ni kweli nilikuwa nimechoka. Nilitaka nikae, ale, nirudi. Lakini mbao zile alizozikata kwa tao zilikuwa zimeegemezwa ukutani mbele yangu, na mimi nilikuwa nimetoka kutazama matao tisini na manne. Jicho likakwama. Nikalitoa, likarudi. Upande wa kushoto tao lilikuwa limelala, upande wa kulia limevimba.

"Kaka, hili umelichora kwa kutumia nini?"

Akacheka kwa mdomo uliojaa viazi, akanyoosha kidole ukutani. Kwenye msumari ulining'inia ufito wa mlanzi, ule mwanzi wetu wa kugema pombe, uliopasuliwa katikati, umepindwa, ncha zake zimefungwa kwa kamba. Umekauka, umekuwa mweusi wa moshi. "Huyo ndiye mwalimu wangu mimi," akasema. "Hana chaki, hana kelele. Unakata mlanzi mbichi, unaupasua, unaukunja mpaka upana wa mlango wako, unaufunga, unautundika juu ya moto ukauke. Ukishakauka unaulaza kwenye ubao, unafuata kwa penseli. Baba alifanya hivyo, na mafundi wote wa kwetu."

"Kwa nini usitumie kamba na msumari?"

"Msumari nitaugonga wapi?" Akamtazama Mzee Obed wacheke pamoja. "Tao hili si nusu duara, ni kipande tu. Katikati yake iko huko chini, hewani, ndani ya tundu la mlango. Au kwenu sekondari mnagonga misumari hewani?"

Mzee Obed akacheka. Mimi sikucheka. "Hili si tao la duara moja," nikasema.

"Nani kakuomba duara? Mimi nimeombwa tao."

"Tao ni kipande cha duara, kaka. Kama si kipande cha duara moja, uzito wa tofali utasukuma upande mmoja kuliko mwingine."

"Germana, usinianze." Akaweka kijiko chini. "Nimejenga tangu wewe unavaa gauni la shule. Leo walimu nao wamekuwa waashi, kha!"

"Basi nipime. Nikikosea nitaondoka na hotipoti langu."

"Mwache apime, fundi," Mzee Obed akasema. "Kupima hakupunguzi sementi."

Neno lile likatua katikati yetu. Mzee wa watu akaona alichosema, akakohoa, akaanza kuangalia viatu vyake. Romanus akanyanyuka bila kunitazama, akashika mbao upande mmoja, mimi na Mzee Obed tukashika mwingine, tukazilaza chini kwenye mchanga.

Mimi kitu hiki nimekifundisha miaka ishirini na minane na sijawahi kukifanya kwa mikono yangu nje ya ubao. Nikaomba misumari na kamba na skwea ya fundi. Nikamweleza kama ninavyowaeleza watoto, maana namna nyingine siijui. Chukua pointi tatu zozote juu ya tao, hapa, hapa na hapa. Vuta kamba kutoka ya kwanza hadi ya pili, ikunje upate katikati yake, toka pale piga mstari ulionyooka kwa skwea kuelekea ndani. Fanya hivyohivyo kutoka ya pili hadi ya tatu. Mistari miwili ikikutana, hapo ndipo kitovu cha duara. Na tao likiwa la duara moja, uchukue pointi za kushoto, uchukue za kulia, uchukue za kati, zote zitakupeleka kwenye kitovu kilekile. Duara halina upendeleo.

Nikaanza na kushoto. Mistari ikakimbia kwenye mchanga, mbali kidogo na mbao, ndipo ikakutana. Nikachomeka kijiti. Nikaenda kulia, misumari mitatu mingine. Mistari ikakutana upesi, karibu zaidi na mbao. Nikachomeka kijiti cha pili. Kutoka kijiti hadi kijiti palikuwa na urefu wa mkono wangu mzima, bega hadi vidole.

"Umekosea," Romanus akasema.

"Pima mwenyewe."

Akapima. Akahamisha misumari, akapima tena kwa skwea yake mwenyewe, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo kama zamani tukiwa wadogo. Mara ya tatu alihamisha msumari mmoja tu. Vijiti viliongezeka kwenye mchanga, vya kushoto vikikaa na vya kushoto, vya kulia na vya kulia. Magoti yake yalikuwa yanalia, tuliyasikia.

Nikautungua mlanzi ukutani. Nikashika ncha moja kwa mkono huu, ncha nyingine kwa mkono ule, na hapo vidole vyangu vikajua kabla yangu. Upande mmoja ulikuwa mnene kama dole gumba, upande mwingine mwembamba kama penseli.

"Kaka, mlanzi ni mnene wapi?"

"Kwenye shina."

"Na mwembamba wapi?"

Mtoto yeyote wa Mawengi anajua. Tumezaliwa kwenye milanzi, tumechezea humo, tumetumwa kugema ulanzi asubuhi na umande miguuni. Upande wa shina ni mnene, unagoma kupinda. Upande wa kileleni ni mwembamba, unapinda kupita kiasi. Ukiukunja mlanzi utakupa pindo zuri la kutazama, lakini duara hautakupa. Baba hakuliona, mafundi wote wa kwetu hawakuliona. Kwenye madirisha madogo halina madhara, sementi inaziba. Mlango wa karibu mita mbili na nusu ni habari nyingine.

Nikaugeuzageuza ule ufito mkononi. Ulikuwa wa siku nyingi, moshi ulikuwa umeingia ndani kabisa.

"Huu mlanzi ni wa lini?"

"Wa siku nyingi."

"Wa lini, Romanus?"

Sikuwahi kumwita jina lake kavu maishani mwangu. Akapangusa mikono kwenye suruali, akaipangusa tena. "Ni ule wa Mjimwema," akasema. "Mlango ulikuwa upana uleule. Mlanzi wenyewe ulikuwa mzuri, sikuona sababu ya kuutupa."

"Tao la Mjimwema lilipiga goti upande gani?"

Akanyoosha mkono polepole, akagusa ufito. Upande wa shina. Upande uliolala.

"Elieza alikuwa amesimama upande huo," akasema. Sauti yake sikuifahamu. "Asubuhi ile kabla hatujaanza kupanga tofali aliniambia. Alisema shemeji, mbona huku kama pamelala? Nikamwambia wewe changanya, uache maneno."

"Na hukusema."

"Nilisahau. Naapa nilisahau, Germana. Lilipoanguka nilitafuta sababu, nikaikuta sakafu yako."

Kaka yangu akakaa chini kwenye mchanga, katikati ya vijiti vyake, akalia kwa sauti mchana kweupe. Mzee Obed akavua kofia, akaishika tu. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani, na nilikuwa nimechoka, Mungu wangu, nilichoka mpaka nywele. Akasema kesho baada ya misa atakuja kumwambia mwenyewe, nisimtangulie. Nikamwambia nimekusikia, lakini mimi nalala na yule mtu nyumba moja, siwezi.

Nikarudi kwa miguu. Madaftari yangu yalikuwa palepale nje ya jiko. Nikayapita nikaenda kitalu. Elieza alikuwa bado anajaza viriba.

"Elieza, sementi ya Mjimwema ilikuwa sawa."

Akaendelea. Akajaza kimoja, akakigonga chini udongo ushuke, akakipanga na wenzake. "Nani kakuambia?"

"Nimepima. Mbao zilikatwa kwa mlanzi, mlanzi una upande mnene na mwembamba, tao lilikuwa na vitovu viwili. Nimepima kwa kamba, kaka naye amepima mwenyewe. Lilikuwa lianguke hata kwa sementi ya dunia nzima."

"Ahaa." Akachota udongo mwingine. Kisha akauacha. "Kwa hiyo umepima."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuambia kwa mdomo, Mama Peace. Niko kitandani, bega limevunjika. Nilikuambia nilinunua. Ukanifunika shuka." Hakupandisha sauti. Angepandisha, ningeshukuru. "Leo kamba imekuambia, ukaiamini siku hiyohiyo."

Akarudi kwenye viriba vyake.

Jioni hiyo nikamaliza madaftari. Kila nilipofika kwa mtoto aliyeweka rula kutoka ncha hadi ncha, mkono ulinigomea kuweka mkasi. Nilikuwa mimi huyo. Huku tao limeanguka, huku sakafu mpya, nikaweka rula katikati, nikapata jibu, nikalipigia mistari miwili. Na nikaishi nalo.

Jumapili Romanus alikuja kama alivyosema, na hakuja peke yake. Alikuwa amempitia Mzee Obed na jirani zetu wawili waliokuwa wanatoka kanisani, maana mwaka ule aliyasema mbele za watu. Akasimama uani na ule ufito mkononi, suti yake ya misa, viatu vimeng'aa. Akasema yote. Hakujitetea, isipokuwa mahali pamoja, na hapo akajirudi mwenyewe. Mwisho akasema, "Shemeji, sementi haikuwa na kosa. Wewe hukuwa na kosa. Kosa ni mimi."

Elieza akauchukua mlanzi, akaugusa shina, akaugusa ncha. "Nilikuambia huku pamelala."

"Uliniambia."

"Haya."

Romanus akasema ataenda kuuchoma moto. "Usichome," Elieza akasema. "Utafaa kuegemezea nyanya." Jirani mmoja akacheka, Mzee Obed akacheka, na Romanus akacheka huku kamasi zinamtoka. Nilishangaa. Wanaume wamemaliza miaka sita kwa nyanya! Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko na sufuria ya chai, na hakuna aliyenitazama.

Jumatatu nilipotoka darasani nilipita kanisani kuwapa kipimo Romanus na Elieza, wako pamoja tena kazini. Upana mita mbili na sentimita arobaini, kimo cha tao sentimita sitini. Nikawapigia hesabu kwenye kipande cha mfuko wa sementi: nusu kipenyo mita moja na nusu, kitovu sentimita tisini chini ya mstari wa ncha mbili. Romanus akauliza tena msumari utagongwa wapi. Elieza ndiye aliyesema basi tupitishe ubao katikati ya tundu la mlango, msumari tuugonge kwenye ubao. Kitu chepesi hivyo. Wakapitisha ubao, ukaja usawa wa kifua. Elieza akashikilia kamba kwenye msumari kwa mkono wake mmoja, Romanus akapanda na penseli kwenye ncha ya pili, akaivuta ikakaza, akachora kwenye mbao mpya walizozipigilia juu, kutoka kushoto hadi kulia bila kusimama. Kisha akashuka akarudi nyuma hatua kumi, akatazama. Akasema, "Mh!" Basi.

Kwenye kupanga tofali kamba haikuondoka. Kila tofali waliligeuza mpaka likatazama ule msumari. Elieza alikuwa anamsahihisha Romanus kwa kidole, na Romanus, yule wa "uache maneno", alikuwa analitoa tofali na kuliweka upya.

Walipotoa mbao, wiki zilipotimia, wazee wa kanisa walikuja wote. Mafundi wawili wa kukodi walikuwa tayari kuingia chini. Elieza akasema hapana, naingia mimi. Romanus akasema shemeji, naomba niingie mimi, nakusihi. Wakabishana pale mpaka wakaingia wote. Mimi nilishika mkono wa mwanamke nisiyemjua, nikamminya mpaka akasema aa mama unaniumiza. Nyundo ikagonga nguzo ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ikakwama, Elieza akaisukuma kwa bega lake zima. Mbao zikashuka, vumbi likashuka, na tao likabaki juu limetulia. Wakatoka wamejaa vumbi mpaka kope, na wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Obed alilia kuliko wote.

Ndiyo hivyo. Kaka yangu amekuwa fundi tena, mume wangu jina lake limerudi. Wiki ileile watu wawili walikuja kumuulizia kazi, aje tu asimamie, mkono si kitu. Na jioni ya siku ile ya kutoa mbao Elieza akaja nyumbani, akanawa, akachukua kiti chake akakiweka barazani.

Nilipakua nikiwa jikoni. Moto ulikuwa mzuri. Sakafu yake ilikuwa inang'aa chini ya miguu yangu, sijawahi kuiona ina ufa hata mmoja. Na ungenikuta nimesimama pale na sahani mbili, nasubiri aingie, maana kila kitu kilikuwa kimesemwa, kimepimwa, kimethibitishwa. Nikasubiri. Chakula kikaanza kupoa. Ndipo nikaelewa kwamba Romanus alibeba mguu wake akaja uani kwangu na mashahidi, na mimi ninayeishi humuhumu sijasema neno. Nilimwambia nimepima. Sikumwambia lingine.

Nikachukua sahani zote mbili nikatoka. Upepo ulinipokea. Nikampa yake, nikakaa chini kwenye saruji ya baraza, karibu na miguu yake, sina blanketi.

"Elieza," nikasema, "sikuhitaji kamba. Nilikuwa na mdomo wako. Nilikukosea, na nimekukosea kila siku tangu siku ile. Nisamehe."

Yeye akala. Nami nikala, meno yanagongana, ugali umekuwa jiwe. Giza lilikuwa linaingia na taa za malori zilianza kuonekana kule barabara kuu. Nikajiambia hata kama ni miaka sita nitakuwa nakula hapa. Nilimaanisha.

Akaweka sahani chini. Akavua koti kwa shida, kwa ule mkono mmoja, akanitupia mabegani.

"Utaumwa kifua wewe," akasema. Akanyanyuka, akaokota sahani yake, akaokota na yangu. "Kuna moto ndani?"

"Upo."

Akafika mlangoni mwa jiko, akavua viatu, akaingia.